Mpaka Mafuta

Wako wanaouawa na ugonjwa, wako wanaouawa na barabara. Mdogo wake Shangazi aliuawa na neno. Neno lenyewe dogo, herufi tano tu, na aliliandika mwenyewe kwa mkono wake, akalipuliza wino ukauke, akatabasamu. Mungu amlaze mahali pema.

Marehemu huyo mtaa ulimwita Fundi Herufi, kwa kuwa mabango mengi ya mji ule yalitoka kwenye brashi yake. Shangazi alikuwa dada yake mkubwa. Jina la Shangazi alipewa na watoto watatu wa Fundi, aliowalea tangu mama yao alipofariki, kisha jina likaruka ukuta wa nyumba likaenea mtaani. Hata kinyozi wa jirani, mzee mwenye wajukuu, alikuwa akipita anamwamkia, "Shikamoo, Shangazi," naye anaitikia, "Marahaba, mwanangu. Umekua!" Watu wanacheka, siku inaanza.

Karakana ya mabango ilikuwa chumba kimoja kirefu, katikati ya kinyozi na fundi viatu. Kazi waligawana hivi: Shangazi alisugua mbao na mabati kwa msasa, akapaka rangi ya chini, akasubiri ikauke, akapaka tena. Kisha alivuta uzi uliopakwa chaki, akaukaza huku na huku na kuuachia, ukaacha mstari ulionyooka kama safu ya askari. Hapo ndipo Fundi alipoinuka na brashi zake. "Dada anapiga mistari, mimi napiga maneno," alikuwa akisema. Katika miaka yote hiyo Shangazi hakuandika herufi hata moja. Hakuombwa, naye hakutaka.

Fundi alitoza kwa herufi. Kwa hiyo alikuwa na tabia ya kufupisha maneno ya watu, na aliifanya kwa huruma, ili mteja asilipe sana. Mtu mmoja alikuja na karatasi iliyoandikwa, "Hapa tunauza na kutengeneza baiskeli za aina zote kwa bei nafuu na kwa uaminifu." Akaondoka na bango linalosema BAISKELI, NZIMA NA MBOVU. Na wateja walimjaa. "Herufi ni rangi," Fundi alisema, "na rangi ni pesa. Neno lisilofanya kazi lishuke njiani."

Tabia hiyo ndiyo iliyomponza.

Fundi alikuwa na rafiki tangu shuleni, dalali wa nyumba na viwanja. Mtu wa maneno matamu huyo. Angeweza kukuuzia kivuli chako mwenyewe na ukamshukuru. Alikula kwa Shangazi tangu akiwa kijana asiye na shati la pili. Siku ya harusi yake, Shangazi ndiye aliyempigia pasi suruali, akamfunga tai, akamwambia, "Nenda, mdogo wangu, usituaibishe." Alimwita Shangazi "Dada", kama vile Fundi alivyomwita.

Siku moja Dalali aliingia karakanani amejaa habari. Ng'ambo ya mpaka, katika nchi ya jirani, kulikuwa na bonde kubwa kavu la wafugaji. Watu wenye mashine wameonekana huko wakipima ardhi, na wapimaji wa aina ile huwa hawatafuti maji.

"Mafuta, Fundi. Mafuta ya chini ya ardhi."

"Sasa sisi na mafuta wapi na wapi? Mimi mafuta nayajua ya kusafishia brashi."

"Sikiliza, kaka. Hatununui ardhi. Tunaishikia. Unampa mwenyewe kitu kidogo leo, anaweka dole gumba kwamba kwa miaka kadhaa hatamuuzia mtu mwingine ila wewe, na kwa bei mliyokubaliana. Kampuni ikija, mlango wa bonde uko mfukoni mwako. Inabidi ipige hodi kwako."

Fundi alimtazama dada yake. Walikuwa na kiwanja kimoja walichoachiwa na marehemu mama yao, chenye kisima na ukuta nusu, na Shangazi alikuwa amepanga kuzeekea pale. Alikiona kile kiwanja moyoni, akakiaga. Akasema, "Kama ni wewe na huyu, sawa." Kiwanja kikauzwa.

Mkataba wa ushirika uliandikwa karakanani, juu ya meza yenye madoa ya rangi. Dalali alisema kwa mdomo na Fundi akawa anaandika. Dalali akaanza: wao wawili watashirikiana sawa kwa sawa katika kuishikia ardhi hiyo, katika gharama zote, tangu mwanzo hadi mafuta yatakapopatikana, na ardhi itakapouzwa, na faida itakapogawanywa...

"Ngoja, ngoja," Fundi alisema. "Unataka nimalize wino?" Akakunja uso kama anayepima ubao. Akaandika mstari mmoja mzuri: *Sisi wawili ni washirika sawa kwa sawa mpaka mafuta.*

Shangazi, aliyekuwa amesimama na birika la chai, aliusoma kwa juu ya bega lake. "Mbona fupi hivyo?"

"Dada, hata ndoa ni neno moja. Unaulizwa, unasema ndiyo, unalala ndani."

Dalali alicheka mpaka akajishika ubavu. "Wewe Fundi, unatutoza hata mkataba kwa herufi!" Wakatia sahihi wote wawili, na Shangazi akatia yake kama shahidi. Kisha wakavuka mpaka, wakakaa na wafugaji siku kadhaa, wakarudi na vumbi masikioni na karatasi za kushikia ardhi. Hizo nazo aliziandika Fundi. Kila moja ilisema kwamba mwenye ardhi ameushikisha ushirika wa watu wawili hawa, na si mwingine.

Miaka ikapita. Karatasi zilikaa, mabango yakaendelea. Halafu asubuhi moja redio ya kinyozi ikatangaza kwamba mafuta yamepatikana katika bonde fulani la nchi jirani. Fundi alitoka nje na brashi mkononi, akacheza barabarani peke yake, rangi nyekundu ikidondokea viatu vyake, na watu wakampigia makofi bila kujua wanashangilia nini.

Alimfuata Dalali, akaambiwa amesafiri. Akamfuata tena, akaambiwa yuko kwenye kikao. Alipompata, alimkuta katika ofisi mpya yenye mapazia, na Dalali hakuinuka kitini.

"Nimeshauza, Fundi," alisema. "Kampuni imenipa malipo ya awali. Mengine yanakuja."

"Umefanya vizuri! Sasa nusu yangu..."

"Nusu ipi? Soma mkataba wetu. Washirika mpaka mafuta. Mafuta yakapatikana, ushirika ukaisha. Mimi nimeuza baada ya hapo. Wakati nauza, sikuwa na mshirika."

Fundi alidhani ni mzaha. Alisubiri kicheko. Alipoona hakiji, akasema kwa sauti ndogo, "Lakini wewe mwenyewe unajua tulimaanisha nini. Ulitaja kuuza, ukataja kugawana. Mimi nikafupisha tu."

Hapo Dalali akasema maneno ambayo Fundi aliyabeba mpaka kaburini. "Mwenye kalamu ulikuwa wewe, kaka. Mimi nilitaka maneno marefu. Wewe ukaniambia herufi ni rangi."

Walikwenda kwenye baraza la usuluhishi wa biashara. Msuluhishi, mzee wa miwani asiye na haraka, aliwasikiliza wote. Shangazi alitoa ushahidi, akasema alikuwapo na birika mkononi na alisikia yote. Dalali akasimama, mkono kifuani, akasema mbele ya Mungu na watu kwamba "mpaka" ni ukomo, kila mtoto anajua, ukifika mpakani unasimama. Msuluhishi akaamua kwa maneno yaliyoandikwa: mkataba unasema mpaka mafuta, hausemi baada ya mafuta. Siku mafuta yalipotangazwa, ushirika ulikufa.

Toka siku ile mkono wa Fundi ukaharibika. Si kwamba ulitetemeka. Uliogopa. Alikuwa akiandika neno, anasimama, anauliza, "Dada, hili linaweza kusomeka vingine?" Bango la neno moja likawa linamchukua siku nzima. Mwenye mgahawa alimletea kazi, neno MGAHAWA kwa rangi nyekundu. Shangazi akapaka bati jeupe, akapiga mistari. Fundi akaandika M. Ilikuwa M nzuri, pana mabegani, miguu imesimama imara. Akarudi nyuma kuitazama, akashika kifua, akaanguka. Kufika hospitali, alikuwa ameshakwenda.

Shangazi hakulia msibani. Wanawake walimshika mikono wakidhani atazimia, naye alikuwa anatazama mlangoni kama Dalali atathubutu kuja. Hakuja. Alituma shada la maua kubwa kuliko yote. Shangazi alilichukua kwa mikono miwili, akalitoa nje, akampa mbuzi wa jirani.

Lile bati lenye M alilisimamisha kwenye kona ya karakana. Mwenye mgahawa alikuja kulidai mara moja, akamtazama Shangazi usoni, akasema hana haraka.

Sasa Shangazi ni mtu wa sala. Tangu ujana wake hajawahi kulala bila kupiga magoti. Lakini sala zake zikabadilika. Watoto waliokuwa wakilala chumba cha pili walimsikia akisema, "Mungu wangu, sikuombi mali. Nakuomba siku moja tu, niuone uso wake ukigeuka." Na katika ile sala ya kila mtu, akifika pale pa kusamehe, alikuwa anafunga mdomo, anangoja wenzake wapite, anadakia mbele.

Mchungaji alimwona. Akamfuata karakanani, akakaa juu ya kopo la rangi. "Shangazi, kisasi mwachie Mungu."

"Nimemwachia, mchungaji. Ila nimemwomba nimshikie taa."

Mchungaji alikohoa, akainuka. Alikuwa anajua lini mahubiri hayaingii.

Familia ilikuwa imemteua Shangazi kusimamia mirathi ya marehemu, kwa hiyo rufaa aliyoikata Fundi kabla ya kufa ilikuwa mikononi mwake. Wakili wao alikuwa kijana mwenye koti pana kuliko mabega, lakini mwenye moyo mzuri. Alipanga kubishana upya juu ya lile neno, aseme kwamba mpaka maana yake ni pamoja na. "Tutajaribu, Mama," alisema. Shangazi alilisikia neno "tutajaribu" jinsi lilivyolegea.

Kisha akaja yule mgeni.

Alikuwa mwanamke mzima, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka mlima wa pili, na viatu vyake vimepauka kwa vumbi. Alivuka mpaka kwa basi kumtafuta Fundi. Ardhi yake ilikuwa katikati kabisa ya lile bonde. Alipoambiwa Fundi amekufa, alikaa chini sakafuni, akalia kwa sauti, akamaliza, akafuta uso. Shangazi akampenda hapo hapo.

"Pole, dada yangu," mgeni alisema. "Yule alikuwa mtu. Alitusomea karatasi neno kwa neno kabla hatujaweka dole. Sasa niambie. Ardhi yangu anaishika nani?"

"Anaishika yule mwenzake. Ameshaiuza kwa kampuni."

"Ameiuza yeye kama nani?"

"Kama yeye. Baraza limesema ushirika wao uliisha siku mafuta yalipopatikana."

Yule mgeni, ambaye baadaye mtaa mzima ulimwita Mama wa Bondeni, alikunja uso. "Subiri. Mimi sikumshikisha yeye. Niliushikisha ushirika, mwenye herufi na mwenye mdomo, wote wawili. Mwenye mdomo peke yake nisingempa hata kamba ya mbuzi. Sasa kama ushirika umekufa, aliyekufa anashikaje kitu?"

Shangazi alikuwa anapaka rangi ya chini. Brashi ilisimama, rangi ikachuruzika ikaharibu kazi ya asubuhi nzima, naye hakuona.

"Hebu rudia," alisema.

Mgeni akarudia. Kwake lilikuwa swali tu. Alitaka kujua ardhi yake iko wapi, kama mtu anayeuliza sufuria yake iliyoazimwa.

Siku iliyofuata Shangazi alimwambia wakili afute rufaa.

"Umechoka, Mama?"

"Sijachoka. Nimekubali. Yule bwana ana haki. Mpaka ni mpaka. Ushirika ulikufa siku ile ile aliyosema."

Wakili alimtazama. Kisha macho yake yakaanza kupanuka. "Na kama ulikufa siku ile," alisema polepole, "basi siku alipouza hakuwa ameshika chochote. Wenye ardhi wako huru. Mama! Lakini ninyi pia hamtapata hata senti."

"Kwani sasa hivi tunazo ngapi?"

"Hii sijui hata sheria inaiitaje."

"Sisi nyumbani tunaiita tukose wote. Futa."

Haikuchukua muda. Wenye ardhi wa bondeni waliiandikia kampuni, wakaambatanisha hukumu ya baraza, ile ile ambayo Dalali aliihangaikia na kuipata. Kampuni ikasimamisha malipo, ikataka na yale ya awali yarudishwe. Na Dalali alikuwa ameshajenga ghorofa, tena kwa mkopo wa benki juu ya malipo ambayo hayajaja. Madirisha ya ghorofa yalikuwa ya vioo vya bluu. Shangazi alikuwa akipita mbele yake kila Jumapili akitoka kanisani, ingawa haikuwa njia ya nyumbani.

Siku Dalali alipokuja karakanani, alisimama kwanza mlangoni kama mtu anayeuliza njia. Amekonda. Shangazi alimwona, akaendelea kusugua bati kwa msasa, na sauti ya msasa ikawa ndiyo karibu yake.

"Hodi, Dada."

"Dada yako nani?"

"Dada, nakuomba. Nimekuja kama mtu wa nyumbani."

"Mtu wa nyumbani alikuja msibani. Wewe uliletwa na maua."

Dalali aliingia. Akakaa kwenye lile kopo alilokalia mchungaji, bila kukaribishwa. "Tumalize haya. Wewe ulikuwa shahidi. Unajua tulikubaliana nini. Twende wote kwa msuluhishi, tumwambie kwamba mpaka mafuta ilimaanisha pamoja, hadi mwisho. Ushirika unafufuka, uuzaji unakuwa halali, kampuni inalipa. Nusu yako, nusu yangu. Nusu kamili, Dada, naandika leo hii. Watoto watasoma."

Msasa ukasimama. "Ilimaanisha nini?"

"Pamoja. Mpaka mwisho."

"Sema tena. Huyu hapa hajasikia." Akaelekeza kidole kwenye kona, kwenye bati lenye M.

Dalali aliitazama ile herufi. Aliijua. Angeijua hata gizani. "Pamoja," alisema.

"Alikuja kwako kukuomba uliseme neno hilo. Ungelisema siku ile, ungempa nusu na wewe ungebaki na nusu yako, na mimi ningekuwa nakupikia. Haya, nenda kalisemee pale pale uliposema lile lingine. Mbele ya watu. Nitakuja."

"Na utakubali?"

"Nimesema nitakuja."

Habari zilifika nyumbani kabla ya Shangazi. Binti mkubwa wa Fundi, aliyekuwa akisomea uuguzi, alimngojea mezani, macho mekundu.

"Shangazi, chukua nusu. Nakuomba. Ada ya chuo siku hizi tunaiomba Mungu na majirani. Baba angechukua."

"Baba yako angechukua, na angemsindikiza mpaka mlangoni, na angemshukuru. Ndiyo maana yuko alipo."

"Hiyo si hasira ya Baba. Ni yako."

Shangazi aliinuka. Alichukua sahani yake akaenda kula peke yake nyuma ya nyumba, na chakula kikamshinda.

Siku ya baraza ukumbi ulijaa. Kinyozi alifunga duka, fundi viatu akafunga, mchungaji alikuja, na Mama wa Bondeni alivuka mpaka tena, akakaa benchi la mbele na miguu yake yenye vumbi. Dalali alisimama. Alieleza kwamba amelitafakari upya lile neno, na kwamba kwa kweli yeye na marehemu walikusudia kuwa washirika hadi ardhi iuzwe na faida igawanywe.

Msuluhishi alivua miwani. "Ulisema kinyume chake, hapa hapa, na ukaapa."

"Nilighafilika, mheshimiwa."

"Hukughafilika!" Mama wa Bondeni alifoka kutoka kwenye benchi. "Ulipaka! Ulimpaka marehemu mafuta kwa mgongo wa chupa, na leo unataka kumpaka na dada yake. Wanatafuta mpaka mafuta ni nini? Mpaka mafuta si ndiye huyu hapa, amesimama na tai!"

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Hata karani aliinamisha kichwa, mabega yakimtikisika. Kuanzia hapo yule bwana hakuwa na jina jingine. Mpaka Mafuta. Watoto walimwita hivyo wakakimbia, na watu wazima walimwita hivyo wasikimbie.

Msuluhishi aligonga meza. Akageukia Shangazi. "Mama, hukumu ile sasa haibadiliki ila kwa njia moja, pande zote mbili zikubali. Yeye amekubali kwamba marehemu alikuwa na nusu. Ukikubali na wewe, naandika, na ninyi nyote mtapata. Ukikataa, hukumu ya kwanza inabaki. Unasemaje?"

Mkono wa binti ulikuwa juu ya mkono wa Shangazi. Ulikuwa wa moto. Shangazi alimtazama Dalali, akauona uso aliouomba miezi yote ile kwa magoti. Ulikuwa umegeuka kweli. Ulikuwa unamsihi kama uso wa mtoto aliyevunja kitu, na kwa muda mfupi akamwona yule kijana asiye na shati la pili, akimnyooshea shingo amfunge tai. Moyo ukamlegea kidogo. Akaushika.

"Mheshimiwa, umeandika kwamba mdogo wangu alikuwa sahihi?"

"Nimeandika."

"Kwa maneno ya huyu mwenyewe?"

"Kwa maneno yake."

"Basi nilichokifuata nimekipata. Hilo jingine sikubali. Aliomba mpaka, akapewa mpaka. Akae nao."

Binti aliondoa mkono wake.

Wenye ardhi wa bondeni walizungumza na kampuni wenyewe, bila dalali. Nyumbani kwa Shangazi hakikuingia kitu. Binti alisimamisha chuo mwaka mzima, akauza vocha kwenye kibanda, na kwa muda mrefu alimpa Shangazi salamu tu, bila neno la pili. Shangazi aligawa karakana kwa ubao, akampangisha fundi viatu nusu, ada ikarudi kidogo kidogo. Mama wa Bondeni alituma mbuzi wawili kwa basi kama asante, wakafika wamechafua mizigo ya watu wote. Hadi leo watoto wa Fundi wakikaa mezani wanabishana kama alifanya sawa, na hakuna anayeshinda. Mungu ndiye mwamuzi, atusamehe wote.

Baadaye mtu wa benki alikuja karakanani. Hakujua lolote, alikuwa mgeni mjini. Alitaka bango la kutundika kwenye ghorofa moja yenye vioo vya bluu. Alitoa karatasi, MALI YA BENKI, na chini yake INAUZWA. "Fundi yupo?" aliuliza.

"Mimi ndiye fundi," Shangazi alisema.

Alilitoa lile bati kwenye kona, akalifuta vumbi. Mistari aliyoipiga mwenyewe ilikuwa bado inaonekana. Akachukua brashi ya Fundi, akaanza pale alipoishia, baada ya M. Zilikuwa herufi zake za kwanza maishani. A ililala upande, L ikawa fupi, na Z ya INAUZWA ikatoka kama mtu anayekimbia mvua. Alizimaliza zote.

Alikwenda kulitundika mwenyewe, na nyundo. Alipokuwa juu ya ngazi, Dalali alitoka getini na sanduku begani. Alisimama chini, akainua macho, akasoma. Akalitua sanduku chini.

"Hii M..." alisema.

"Ni yake," Shangazi alisema, akapigilia msumari wa mwisho. "Zilizobaki ni zangu."